Umeme Uliobaki Ndani ya Chombo

Watu wa Bahi wajua vizuri tabia ya mto Bubu. Mto huo watoka pande za kaskazini, hupita nchi ya Kondoa, kisha hushuka mpaka mbuga ya Bahi. Hapo husimama, maana mbuga ile haina njia ya kupeleka maji baharini. Mvua ikinyesha sana huko juu, maji huja Bahi hata siku ambayo anga la Bahi halina wingu. Tena mvua zikiisha, na mto ukawa mchanga mtupu, maji na matope hukaa bado mbugani. Mgeni akiuona mchanga wa mto, akadhani kwamba nchi yote imekauka, akaikata mbuga kwa miguu, huweza kuzama matopeni hata kiunoni.

Nimeanza na habari ya mto kwa sababu kosa la mgeni huyo ndilo kosa la vijana wengi wanaojifunza kutengeneza kompyuta, redio na televisheni. Wao hudhani kwamba waya ukichomolewa ukutani, basi chombo kimekufa, hakina nguvu tena. Sivyo. Waya ni mto, lakini ndani ya chombo mna mbuga.

Siku hizi vibanda vya mafundi wa simu na kompyuta havikosekani penye soko, na vijana hupenda kukaa karibu na fundi na kutazama mikono yake. Tuseme kijana mmoja amekaa na mjomba wake, naye ni fundi. Kompyuta ya mezani imeletwa, haiwaki. Kijana achomoa waya, afungua skrubu, na mara anyosha kidole aguse vitu vilivyomo katika kile kisanduku cha bati kinachopokea umeme wa ukutani.

"Ngoja!" asema mjomba. "Usitie mkono humo."

"Lakini mjomba, waya si nimeuchomoa?"

"Umeuchomoa, mwanangu. Je, umeme uliokwisha kuingia, umeutoa?"

Swali la fundi huyo lataka kuelezwa polepole.

Umeme unaoletwa na TANESCO katika nyumba una nguvu ya volti 230, nao huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Kompyuta haiwezi kuutumia umeme wa namna hiyo. Yataka umeme wa volti chache tu, 12 au 5 au pungufu, uendao upande mmoja bila kurudi. Kwa hiyo kile kisanduku cha bati kwanza huunyosha umeme, kisha huuweka akiba katika vipande vilivyo kama makopo madogo, kila kimoja unene wake kama kidole gumba au kuzidi. Vipande hivyo vyaitwa kapasita. Umeme ukiisha kunyoshwa, nguvu yake hapo hufika volti 325 hivi, yaani kuzidi ule wa ukutani. Kazi ya kapasita ni kupokea na kutunza, ili kompyuta ipate umeme uliotulia, usiorukaruka.

Chombo kikichomolewa, akiba ile hubaki. Katika chombo kilichotengenezwa vizuri mna kipande kingine kiitwacho rezista, ambacho huitoa akiba kidogo kidogo, na baada ya dakika chache huwa imekwisha. Walakini chombo kinacholetwa kwa fundi si kizima. Kimeletwa kwa kuwa kimeharibika, na huenda kilichoharibika ni rezista ileile. Hapo akiba huweza kukaa muda mrefu, wala hapana taa, wala sauti, wala harufu ya kumwonya mtu.

Jambo hili lina historia yake. Mwaka 1746, katika mji wa Leiden huko Uholanzi, mwalimu aliyeitwa Pieter van Musschenbroek alikuwa akijaribu kutia umeme katika chupa ya maji, kama mtu atiaye maziwa katika kibuyu. Kwa macho chupa ilikuwa vilevile, huwezi kujua kama kitu kimeingia. Basi, akiwa ameishika chupa kwa mkono mmoja, akaugusa kwa mkono wa pili waya uliotumbukizwa ndani yake. Alipigwa mwili mzima, hata akafikiri kwamba amekufa. Baadaye alimwandikia mwenzake kwamba hatarudia jambo lile hata kama angepewa ufalme wa Ufaransa. Mwaka huohuo padre Jean-Antoine Nollet aliwapanga askari 180 mbele ya mfalme wa Ufaransa, wameshikana mikono, akawapitishia umeme wa chupa kama ile. Wote waliruka kwa pamoja. Kwa watazamaji ulikuwa mchezo. Kapasita ya leo ni mjukuu wa chupa ile ya Leiden, ila yeye ni mdogo kwa umbo, hutunza umeme mwingi zaidi, na si wa kuchezewa.

Je, umeme wa kiasi gani humdhuru mtu? Umeme unaopita katika waya hupimwa kwa ampea, na taa ya zamani ya wati 60 hutumia kama robo ya ampea. Sasa angalieni. Ikipita mwilini sehemu moja au mbili za mia za ampea, mtu huweza kushindwa kufungua kiganja, akang'ang'ania kile kinachomwua. Ikipita kifuani sehemu moja ya kumi tu, moyo huweza kuacha kupiga, ukatetemeka bure, na mtu akafa. Plagi zetu nyingi zina fyuzi ya ampea 13. Wako wanaosema, "Fyuzi itanilinda." Fyuzi iliwekwa kuulinda waya usiungue na nyumba isishike moto. Umeme wa kumwua mtu hupita ndani ya fyuzi hiyo, na fyuzi isijue.

Turudi kibandani. Mjomba hakuwa na haraka. Alimwambia kijana avue pete na saa ya mkononi, kwa kuwa madini hupitisha umeme. Alitazama kama wamevaa viatu vikavu, akabonyeza swichi ya kuwashia, ingawa waya umekwisha kuchomolewa, ili akiba ipate njia ya kutoka. Wakangoja. Kisha akachukua mita ya kupimia volti, akagusisha ncha zake kwenye miguu miwili ya kapasita, mkono wake wa kushoto ukiwa nyuma ya mgongo. Desturi hiyo ya mkono mmoja ni ya mafundi wa zamani, tena ni ya akili: umeme ukiingia mkono mmoja na kutokea mwingine, njia yake ni kifuani, pale ulipo moyo.

Mita ikionyesha kwamba akiba ingalimo, fundi huitoa kwa kuunga rezista kati ya ile miguu miwili kwa koleo zenye mipini isiyopitisha umeme. Halafu hupima tena, maana kapasita nyingine hupata nguvu kidogo upya baada ya kutolewa. Wako mafundi wanaogusisha bisibisi ili cheche iruke, na vijana hushangilia. Mimi sioni sifa katika jambo hilo. Cheche huyeyusha chuma, huharibu chombo, na huweza kumrukia mtu jichoni.

Viko vyombo ambavyo mwanafunzi asivifungue kabisa, hata kama vimechomolewa tangu jana. Kwanza ni kile kisanduku cha umeme cha kompyuta. Pili ni televisheni za zamani zenye kisogo kikubwa: kioo chake chenyewe ni kama chupa ya Leiden, nacho hutunza volti 20,000 na zaidi. Tatu ni jiko la maikrowevu, ambalo kapasita yake ya volti 2,000 hivi imewaua hata mafundi wazoefu.

Umeme mwingine wa kuangaliwa ni ule ambao mtu mwenyewe huuleta. Miezi ya kiangazi hewa ya Ugogo ni kavu sana, na usiku mtu akivua sweta husikia mlio kama wa kuni mbichi motoni. Huo ni umeme wa msuguano. Ukiihisi cheche yake kidoleni, ujue kwamba ilifika volti 3,000 au zaidi. Haiwezi kukuua, maana ni ya kitambo kidogo mno, lakini vipande vya ndani vya kompyuta huweza kuharibiwa na volti 100 au pungufu, bila wewe kuhisi lolote. Kwa hiyo fundi huvaa mkanda mkononi uliofungwa kwa waya unaokwenda ardhini. Lakini mkanda huo usivaliwe kamwe penye umeme mkali, kwa kuwa unaomwunganisha mtu na ardhi humfanya kuwa njia nzuri ya umeme.

Ukame wetu una shida nyingine tena. Nyumba yenye umeme huwa na fito ya shaba iliyopigwa ardhini, ili umeme uliopotea njia upate mahali pa kwenda. Udongo mkavu haupitishi umeme vizuri. Fito fupi iliyopigwa mchangani huweza kufaa wakati wa masika na kuwa bure mwezi wa Oktoba, kwa hiyo yapasa ishuke mpaka penye unyevu. Ukigusa bati la kompyuta ukahisi kama sisimizi watembeao kidoleni, dalili yake aghalabu ni waya wa ardhi usiofanya kazi, na hapo aitwe fundi wa nyaya kabla ya fundi wa kompyuta.

Habari za betri na risasi nitazitaja kwa ufupi. Betri ya simu iliyovimba isidungwe wala kubanwa wala kuchajiwa. Ndani yake mna dawa zinazoshika moto ghafula. Itolewe nje, iwekwe juu ya mchanga, mbali na nyasi. Na madini ya kulehemia aghalabu huwa na risasi, ambayo hudhuru ubongo, hasa wa watoto. Sisi hula ugali kwa mikono, basi mikono ya kibandani ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Itokeapo mtu amenaswa na umeme, usimshike, hata kama ni ndugu yako, maana mtanaswa wawili. Kimbia ukazime swichi kubwa ya nyumba. Isipopatikana upesi, simama juu ya ubao mkavu, umsukume atengane na waya kwa mti mkavu. Asipopumua, piga simu 112, kisha mlaze chali, weka viganja viwili katikati ya kifua, ukandamize kwa nguvu mara 100 mpaka 120 kila dakika, mkipokezana, mpaka msaada ufike. Akizinduka na kusema kwamba amepona, apelekwe hospitali vilevile, kwa kuwa moyo uliopitiwa na umeme huweza kusumbuka baada ya saa kadhaa.