Neti ya Shilingi 40

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Mfikirieni mama mjamzito wa magharibi mwa Kenya, kule ambako mbu hawampi mtu usingizi. Amedamka kwenda kliniki. Amepimwa, ameshauriwa, kisha anaambiwa neti ipo, shilingi 40. Anafungua fundo la leso yake, anazihesabu sarafu, halafu analifunga tena. Anarudi nyumbani mikono mitupu.

Wachumi wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, walitaka kujua ni akina mama wangapi hulifunga fundo hivyo. Wakapanga kliniki nyingine zigawe neti bure, nyingine ziziuze kwa bei ndogo. Wakati huo wakubwa wengi walishikilia kwamba cha bure hakithaminiwi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: bei ilipotoka sifuri ikafika shilingi 40, katika kila akina mama 100, wapatao 60 ambao bure wangechukua hawakuchukua. Na waliopewa bure walizitumia sawasawa na walionunua.

Wapo watu wanaotaka kila msaada upimwe hivyo. Mwalimu wao mkubwa ni Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia. Mwaka 1972 aliuliza: ukimwona mtoto anazama kidimbwini utaingia hata nguo zichafuke, je, akiwa nchi ya mbali, wajibu wako umekwisha? Baadhi ya waliomfuata huahidi asilimia 10 ya kipato chao, na huipeleka palipothibitika kuokoa wengi zaidi.

Watu wa mrengo wa kushoto huwatilia shaka. Wao huuliza nani alimfanya mama yule akose shilingi 40. Mwaka 1989 Kenya, kwa shinikizo la Benki ya Dunia, ilianza kuwatoza ada wagonjwa wa hospitali za serikali. Neti huchakaa baada ya miaka mitatu hivi. Ada inabaki palepale, na mfadhili akichoka hakuna wa kumdai. Swali hilo ni la haki, nami naliuliza pamoja nao. Wapimaji hupenda kinachohesabika, wakapita kando ya chama cha wafanyakazi, mgomo na kura, vitu ambavyo ndivyo huondoa ada.

Lakini tazameni, wajukuu zangu, hesabu ile ya kliniki ilimsaidia nani. Yule aliyedai matibabu bure kwa wote alikuwa na hoja tu. Sasa ana ushahidi mkononi. Ndiyo maana nasema pande hizi mbili zinaweza kukaa mkeka mmoja, mradi mpimaji akubali kuuliza sababu ya umaskini, na mtu wa mrengo wa kushoto akubali kwamba mtoto mwenye homa usiku huu hawezi kusubiri sheria ibadilishwe.

Na kugawa bure kunawezekana: katika Kenya hiyohiyo, mwaka 2006, serikali ikisaidiwa na fedha za wafadhili iligawa neti milioni 3.4 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Zote bure.