Mafua ya mtoto: Mzazi ahesabu pumzi
Mafua na kikohozi cha kawaida cha watoto husababishwa na virusi, ambavyo haviuawi na antibiotiki. Nyumbani, mtoto anyonyeshwe mara kwa mara au apewe vinywaji vyenye uvuguvugu. Aliyetimiza mwaka mmoja aweza kulambishwa asali kijiko kidogo. Aliye chini ya umri huo asipewe kamwe, kwani huenda ikawa na bakteria wa kutoa sumu tumboni mwake.

Hata hivyo, mzazi ahesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima. Zikifika 50 kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, au 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, ama kifua kikibonyea anapovuta pumzi, huenda ikawa ni nimonia. Apelekwe hospitalini mara moja. Mchanga wa chini ya miezi 2 asingojewe hata kidogo.