Injini Inayozimika Baada ya Matengenezo

Injini inapoanza kuzimika mara tu gari linapotoka gereji, uchunguzi huanzia pale fundi alipogusa, kwa kuwa mara nyingi chanzo ni soketi ya waya isiyorudishwa au mpira wa hewa uliochomoka. Mpira ukivuja baada ya sensa ya hewa, yaani kifaa kinachopima hewa iingiayo, injini huvuta hewa isiyopimwa, mchanganyiko ukapungukiwa petroli, na gari likazima dereva anapoachia pedeli ya mafuta, huku mlio wa kufyonza ukisikika karibu na sehemu inayovuja. Betri ikiwa ilichomolewa, kompyuta ya injini huenda imepoteza kumbukumbu ya mzunguko wa taratibu, yaani wa injini pedeli isipokanyagwa, hivyo huhitaji kufundishwa upya. Mwenye gari asinunue kipuri chochote kabla ya ukaguzi huo.