Vigari vya Petroli Vinavyotoweka

Tarehe 7 Julai 2023, kiwanda cha Ford mjini Cologne, Ujerumani, kilitoa Fiesta ya mwisho. Gari hilo lilianza mwaka 1976 na injini ndogo isiyofika hata cc 1000, na kuanzia 2009 hadi 2020 liliongoza kwa mauzo Uingereza kila mwaka. Halikukosa wapenzi.

Lililoliponza ni hesabu. Mitambo ya kusafisha moshi, pamoja na kamera na rada za kufunga breki zenyewe, ambazo sheria za Ulaya sasa zinazidai katika magari mapya, gharama yake haipungui sana kwa kuwa gari ni dogo. Kwenye gari la kifahari bei huimeza. Kwenye kigari cha bei nafuu hula faida yote. Kiwanda cha Cologne kikageuziwa magari ya umeme, makubwa na ghali zaidi. Anayeumia ni aliyetegemea kigari cha bei nafuu: muuguzi wa zamu ya usiku au kijana aliyeajiriwa juzi.

Huku kwetu pigo linakuja polepole. Toyota iliachana na jina la kigari chake cha Vitz nchini Japani mwaka 2020, na Kenya haipokei magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka minane. Vitz ni gari ambalo fundi wa chini ya mwembe hufungua boneti, akabadilisha plagi na kusafisha chujio la hewa, na mwenye gari akaondoka kabla chai haijapoa. Vitz zilizopo zitaendelea kukarabatiwa. Zitakazoshushwa Mombasa zinazidi kupungua.