Usidanganyike na «Ndiyo, Mwalimu!»

Pengine wewe ni mwanafunzi wa ISP na mwaka huu watakupatia barua ya staji. Ao wewe ni mzazi, na jioni mtoto anakuambia: «Papa, leo tulifundishwa na stajiere.» Habari hii inawaangalia ninyi wote wawili.

Tusemee klasi ya saba na ya nane. Wazee wangali wanaziita ya kwanza na ya pili ya sekondari, lakini sheria ya elimu ya mwaka 2014 iliziweka mwisho wa elimu ya msingi. Mule munakaa watoto wa miaka 12, 13, 14. Si wadogo, si wakubwa. Sauti ya mvulana inavunjika katikati ya jibu, na wenzake wanakufa na kicheko. Tena ni wengi. Tangu Septemba 2019, masomo ya primeri ya Serikali yalipoacha kulipisha wazazi, klasi zilijaa; mtoto aliyeanza ya kwanza mwaka ule, kama hakurudilia klasi, aliingia ya saba mwaka 2025.

Stajiere anaogopa nini? Siku za kwanza anakaa nyuma, anaangalia tu namna mwenye klasi anafundisha. Halafu zamu yake inafika. Usiku mzima anaandika fishe: kusudi la somo, ukumbusho, mifano, mazoezi, kila kitu na dakika zake. Asubuhi chaki inavunjika mkononi. Kule nyuma wamekaa profesa na wanafunzi wenzake na madaftari yao, na kiisha somo kuna kritiki: uligeuzia watoto mgongo, uliandika kombo, saa ilikupita. Kritiki inauma, lakini haiui mtu. Ubaya wake ni huu: inamfanya stajiere aangalie uso wa profesa kuliko nyuso za watoto.

Kwa hiyo anauliza: «Munasikia?» Klasi yote inajibu kwa sauti moja: «Ndiyo, mwalimu!» Moyo wake unatulia, anafuta tablo, anaendelea. Mtego ni huo.

Binti mmoja wa kanisa letu alinieleza yaliyomfikia mu staji yake. Alikuwa anafundisha fraksio mu klasi ya saba: nusu kujumlisha na theluthi. Alionyesha mara tatu, akauliza, wakamjibu ile «ndiyo» yao. Mwenye klasi, mama aliyezeeka mu kazi hii, akamnong'oneza: «Mwanangu, uwape kipande cha karatasi, kila mtu afanye peke yake.» Akawapa. Zaidi ya nusu ya klasi waliandika 2/5. Walijumlisha za juu na za juu, za chini na za chini.

Kesho yake aliacha sheria kwanza. Akauliza kwa Kiswahili: «Ku soko, mama anakupimia nusu ya meka ya bunga. Anaongeza tena theluthi ya meka. Mu mfuko wako muko zaidi ya nusu, ao chini ya nusu?» Wakacheka. Zaidi! «Basi 2/5 ni zaidi ya nusu?» Kimya. Msichana mmoja akasema pole pole: «Madamu, nusu ya tano ni mbili na kipande. Mbili haifike.» Hapo ndipo akarudi ku tablo, akaandika kwa Kifaransa kama programu inavyotaka: nusu ni 3/6, theluthi ni 2/6, pamoja 5/6. Na hakuuliza tena «munasikia». Aliita mmoja mmoja: «Wewe, tuonyeshe kwa nini.»

Utaniambia: pasta, kwa watoto 60 saa itatoka wapi? Ni kweli, hautawafikia wote. Ita watano kila siku, na anza na wa nyuma. Wa mbele wanajiita wenyewe. Na kama mu kritiki watakugombeza juu ya kile Kiswahili, vumilia. Mtoto aliyekariri maneno ya Kifaransa bila kusikia maana yake atayasahau mbele ya Noeli.

Kati ya zile karatasi, moja ilikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijana wa kiti cha mwisho. Madamu alifungua kitabu cha kuitia majina: kila juma, siku ya ine na siku ya tano hayuko. Wenzake hawakuficha: «Anaendaka kuosha mawe.» Sisi wa huku tunajua maana yake. Mwaka 2014 UNICEF ilikadiria kwamba watoto karibu 40,000 walikuwa wanafanya kazi mu machimbo ya kusini ya Kongo, wengi mu kobalti.

Hakumhaibisha mbele ya wengine. Wakati wa mapumuziko alimuuliza namna wanavyouzisha. Kijana akafunguka: kilo za mfuko, bei ya siku ile, mnunuzi anayepima asilimia ya madini na kuipunguza ili alipe kidogo. Alihesabu kwa kichwa, mbio kuliko Madamu mwenye kalamu. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia kwamba asilimia ni fraksio, kitu juu ya mia moja. Siku iliyofuata aliitwa ku tablo kueleza klasi hesabu ya mfuko wa kilo 50, na hakuna aliyecheka.

Mwenye klasi aliita mama yake. Alifika na mtoto mchanga mgongoni, akasema wazi: bila yale mawe, feza ya masomo ya huyu na ya dada yake haipatikani. Prefe akakubali alipe kidogo kidogo mpaka mwisho wa mwaka. Mpaka staji ilipoisha, kijana alikuwa anafika siku ya ine. Siku ya tano, bado.