Mchuzi wa fromaji na sosisi kwa sikukuu

Mchuzi huu mzito ni wa kuchovya ndizi na viazi vya kukaanga. Fromaji ya Masisi inafaa sana, sababu inayeyuka vizuri.

Kata sosisi robo kilo, vipande vidogo. Kaanga na kitunguu mpaka ndani isibaki nyekundu hata kidogo. Nyama ya nguruwe isiyoiva inaweza kuleta tegu. Tia tomati 3 zilizopondwa. Koroga kijiko cha unga wa ngano katika kikombe cha maziwa yaliyochemshwa na kupoa, mimina, acha uchemke. Sasa punguza makala, tia fromaji nusu kilo kidogo-kidogo. Moto mkali unaifanya kama mpira! Lakini iwe ya moto kabisa, sababu mara nyingi inatengenezwa kwa maziwa yasiyochemshwa, na mama mwenye mimba asiile mbichi. Chumvi usitie, iko ndani tayari.

Pilipili? Ngoja kwanza. Toa sehemu ya watoto katika sahani yao, kisha utie pilipili ya wakubwa. (Mtoto hajatimiza miezi 6? Yeye ni ziwa la mama tu.)

Shida kubwa iko kwa bakuli. Watu wote wanachovya, nzi wanakuja, na mchuzi unakaa mezani toka saa nane mpaka usiku. Basi weka kidogo-kidogo, mwingine ubaki motoni na kifuniko. Ule uliokaa mezani zaidi ya masaa 2, usimpe mtoto kesho yake: kuupasha moto hakuondoi sumu zote ambazo vijidudu vimekwisha kuacha ndani. Utupe, hata kama fromaji ulinunua bei kali.