Mji Mkongwe Utunzwe Kuanzia kwa Wapangaji

Adui mkubwa wa nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar ni maji. Kuta zake nene zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko zilizochomekwa ukutani. Bomba la choo likivuja ghorofani, unyevu hupenya ukutani, kichwa cha boriti huoza, na dari huanza kulegea. Fundi akija na saruji huzidisha balaa, kwa sababu saruji huufungia ndani unyevu ambao chokaa ingeuachia utoke. Kwa hiyo uhifadhi wa mji huu, kabla ya kuwa jambo la wataalamu na wafadhili, ni huduma ya mtaani: kuziba bomba, kuzibua mfereji, kupaka chokaa kabla ya masika. Na anayeliona doa la kwanza ni yule anayelala chini ya dari hiyo. Ndiyo maana nashikilia kwamba fedha na madaraka ya uhifadhi vianzie kwake.

Vyombo vya juu tumekuwa navyo muda mrefu. Mamlaka ya Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na bustani ya Forodhani ikakarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2009. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba linalojulikana duniani kote limefikwa na hayo, nyumba ya wapangaji katika mtaa wa Kiponda, isiyo na jina wala mfadhili, imsubiri nani?

Ugumu wa kuzitunza nyumba hizi uko kwenye umiliki. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba nyingi zikataifishwa, na familia zikapangiwa humo chumba kwa chumba. Ngazi, paa na choo vikawa vya wote, na cha wote aghalabu hakina mtunzaji. Nyumba nyingine ni za wakfu, chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wazee walioziweka wakfu walikuwa na hesabu nzuri: kodi ya duka la chini iutunze msikiti, kisima au nyumba ya jamaa na maskini. Hesabu hiyo huvurugika kodi inapokuwa ndogo kuliko gharama ya chokaa na boriti. Inaweza kurudishwa. Sehemu ya tozo zinazolipwa na wageni wa hoteli itengwe kwa matengenezo madogo, kila shehia iwe na fundi wa chokaa anayelipwa mshahara, na wapangaji wa kila nyumba wawe na kamati inayotambuliwa na sheha.

Wapo wanaosema hoteli ndizo zinazozitunza nyumba hizi vizuri zaidi. Ni kweli kwamba baadhi zimezirudishia uzuri wake, na nazishukuru. Lakini nyumba ikigeuka hoteli, familia huhama, chuo cha Kurani hupoteza watoto, baraza hukosa wa kukaa. Na mji huu uliheshimiwa kwa utamaduni uliochanganyika ndani yake, si kwa milango yake tu. Wengine huwalaumu wapangaji kwa saruji, matangi ya maji juu ya paa na vyumba vya nyongeza. Lawama hiyo ina ukweli, ila mtu asiye na hati, asiye na fundi wa kumshauri, na anayeweza kuhamishwa wakati wowote, atatengeneza kwa kile kinachouzwa dukani. Mpe uhakika wa makazi kwanza, kisha umdai chokaa.

Masika huanza Machi. Mamlaka na Kamisheni zichague shehia moja, Malindi au Kiponda, zikague kila paa na kila bomba, na wapangaji wawemo tangu kikao cha kwanza.